Mtu ananipigia usiku na kusema maneno machafu kwenye namba yangu ya biashara. Nifanye nini bila kubadili namba?

Fundi wa Tabata aliandika:

Ndugu zangu, ninawasalimu nyote. Ninaandika kwa sababu nyumbani tumeshauriana mpaka tumechoka, na majirani kila mmoja ana lake.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu hapa Tabata, na huu ni mwaka wa saba tangu namba ya simu ya biashara iandikwe kwa rangi nyekundu kwenye bango lililo juu ya mlango. Namba hiyo imechapishwa pia kwenye mifuko ninayofungia nguo za wateja, wanayo akina mama wanaoniletea sare za harusi na za vikoba, na ndiyo ninayopokelea malipo. Tangu mwezi uliopita kuna mwanamume nisiyemfahamu ambaye hunipigia karibu kila siku kuanzia saa nne usiku. Siku za mwanzo alikuwa kimya. Nilikuwa nikisema, "Haloo, karibu," nasikia pumzi tu, na kwa mbali sauti ya feni inayozunguka. Wiki ya pili akaanza kusema. Maneno yake sitayaandika hapa. Inatosha mjue kwamba anautaja mwili wangu kiungo kwa kiungo na kunieleza anachotaka kuufanyia, na anasema taratibu, bila haraka wala hofu.

Namba ya kwanza niliizuia, akapiga kwa nyingine. Hiyo nayo nikaizuia, akaja na ya tatu. Jumanne usiku nilikuwa bafuni, simu ikaita, na binti yangu wa miaka 13 akapokea akidhani ni mteja. Nilipotoka nilimkuta amesimama katikati ya chumba, simu ameishika mbali na sikio, mkono umenyooka. Akaniuliza, "Mama, huyu mtu anakufahamu?" Swali hilo ndilo limenileta hapa.

Dada yangu ananiambia nimtukane mpaka akome. Jirani anasema nimpe mwanamume apokee. Mume wangu anasema nibadili namba, na ninaona usoni mwake kuna jambo ambalo bado hajaniuliza. Nikizima simu usiku ninapoteza wateja wa Kariakoo, ambao hupata nafasi ya kupiga baada ya kufunga maduka. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: je, inawezekana kumjua mwenye namba hizi, na je, nikienda polisi watanisikiliza, au wataniambia kwamba hayo ni maneno tu na hakuna aliyeniumiza?

Kijana wa Buguruni alijibu:

Pole sana, dada. Jina la mwenye namba unaweza kulipata sasa hivi bila kumwomba mtu yeyote. Anza kama unayetaka kumtumia pesa, weka kiasi kidogo, ingiza namba yake, na jina la aliyesajili laini litakutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukishaliona, ghairi. Kisha uweke jina na namba hizo hapa hadharani na kwenye makundi yote ya mtaa, ili watu wampigie usiku kucha naye aonje anachokuonjesha. Polisi watakuzungusha mpaka ukate tamaa.

Mkazi wa Mbagala alijibu:

Ndugu yangu wa Buguruni, ninajua umesema kwa uchungu, lakini naomba unisikilize, kwa kuwa mimi ni mtu ambaye jina lake lilitokea.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kusajili laini kwa kijana mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli kituo cha daladala. Niliweka kidole kwenye kifaa chake, akasema alama haijasoma. Nikapangusa kidole kwenye suruali, nikaweka tena, akasema bado. Nikaweka mara ya tatu ndipo akaniambia tayari. Nikaondoka na laini moja mkononi nikiamini kwamba nimesajili laini moja. Baada ya miezi kadhaa walikuja wanaume watatu pale ninapouza viatu. Dada yao alikuwa akitukanwa kwa simu na kutumiwa picha za aibu, nao walifanya hivyo hivyo unavyoshauri, wakaanza kutuma pesa ili waone jina, na jina lililotokea lilikuwa langu, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mmoja wao alikuwa ameshanishika kola. Hapa Dar es Salaam mnajua kinachompata mtu akishikwa kola mbele ya watu na neno moja likapigwa kwa sauti. Aliyeniokoa ni mama wa genge la jirani, aliyejiweka katikati yetu na kuwaambia wapige kwanza namba hiyo waone kama simu yangu itaita. Haikuita. Ilipokelewa na mtu mwingine.

Siku hiyo hiyo nilipiga *106# na kukuta chini ya namba yangu ya kitambulisho cha taifa laini nne kwenye mtandao mmoja, wakati mimi ninazo mbili tu. Zile mbili nisizozijua nilikwenda kuomba ziondolewe. Usajili wa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa upya zikaanza kufungwa tarehe 20 Januari 2020, na shabaha yake ilikuwa kila laini iwe na mtu anayejulikana. Shabaha ni njema na imesaidia, lakini aliyesajiliwa na anayepiga wanaweza kuwa watu wawili wasiofahamiana kabisa. Kwa hiyo, Fundi, jina ukilipata liandike na ulipeleke kwa mpelelezi. Usilipeleke kwa kaka zako.

Opereta Mstaafu alijibu:

Mwanangu wa Tabata, pole. Nimesoma habari yako mara mbili kwa sababu ile sauti ya feni unayoisikia kwa mbali imenirudisha nyuma miaka mingi.

Mwaka 1984 nilikuwa opereta wa swichibodi katika shirika moja la umma hapa mjini. Simu za wakati huo hazikuonyesha namba ya anayepiga. Taa inawaka, unachomeka waya, unasema jina la ofisi, na huyo aliye upande wa pili anaweza kuwa waziri au mlevi. Jioni, wenzangu wakishaondoka, nilibaki peke yangu mpaka saa kumi na mbili, na ndipo alipoanza mtu kupiga na kupumua, halafu akaanza kusema kama huyo wako anavyosema. Nilikuwa na umri wa miaka 22. Nililia, nikamtukana, nikamwomba aniache, na katika yote hayo niligundua jambo moja: kila nilipotoa sauti, iwe ya kilio au ya hasira, pumzi yake ilibadilika. Alikuwa akiisubiri.

Msimamizi wetu, mama mtu mzima wa Tanga, alinikuta siku moja macho yamevimba. Sikutaka kusema, akanikalisha mpaka nikasema. Hakushtuka wala hakuniuliza nimevaa nini au nimezungumza na nani. Aliniambia, "Usimpe sauti. Akianza, vua hiyo hedifoni, iweke mezani, uandike saa, uendelee na kazi yako. Aseme na ubao mpaka achoke." Kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata mara moja: "Taa inayowaka ni ya upande gani?" Bodi yetu ilikuwa na taa za simu za nje upande wa kushoto na za simu za ndani ya jengo upande wa kulia. Kwa wiki tatu nilikuwa nikichomeka waya kwa mikono inayotetemeka bila kutazama. Jioni iliyofuata nikatazama. Ilikuwa ya kulia.

Alikuwa mtu wa ghorofa ya tatu, mwanamume wa makamo aliyekuwa akipita mapokezi kila asubuhi na kuniuliza habari za nyumbani kwa adabu zote. Alihamishiwa idara nyingine, na hakuna aliyenieleza chochote, wala yeye hakuambiwa mbele yangu kwamba amekosa. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko maneno aliyoyasema.

Ninakueleza haya ili nawe uitazame taa yako. Huyu mtu anapiga siku zipi na siku zipi hapigi? Katika uchafu wake, kuna lolote analolitaja ambalo ni mtu aliyekuona tu anaweza kulijua? Chukua daftari uandike siku, saa, namba, muda aliokaa hewani na neno moja au mawili ya kukukumbusha alichosema. Usimtukane, usimhubirie, usimpe mwanamume apokee, kwa kuwa hayo yote kwake ni mazungumzo. Ukiona ni yeye, weka simu chini bila kukata. Vocha ni yake.

Wakili wa Mjini alijibu:

Ninamshukuru sana mama aliyetangulia, na ninamwamkia shikamoo. Nitajibu swali la pili la Fundi, yaani kama sheria inayaona haya kuwa maneno tu.

Haiyaoni hivyo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, katika kifungu cha 118 kama kilivyotungwa, inamtia hatiani mtu anayetuma kwa njia ya mtandao wa mawasiliano ujumbe au maneno machafu, ya aibu au ya vitisho kwa nia ya kumuudhi, kumtukana, kumtisha au kumsumbua mwingine. Kifungu hicho hakikuishia kwenye maneno. Kinamgusa pia anayeanzisha mawasiliano kwa nia hiyo, mfululizo au vinginevyo, mazungumzo yakitokea au yasipotokea, akijitambulisha au asijitambulishe. Maana yake ni kwamba zile simu za wiki ya kwanza, ambazo wewe huenda unaziona kuwa hazina cha kushtakiwa kwa sababu hakusema neno, nazo zimo. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Akianza kukutumia ujumbe na picha, kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu cha 23 inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mateso ya moyo. Huko kifungo kinaanzia miaka 3. Kwa simu za sauti kama zako mimi ningeanza na ile ya 2010.

Kuhusu ukimya, kuna jambo ninalopenda kuwakumbusha wanaodhani kwamba pumzi haimdhuru mtu. Mwaka 1997 mahakama ya mwisho ya rufaa nchini Uingereza iliamua shauri la mwanamume aliyekuwa akiwapigia wanawake watatu simu na kunyamaza, mara nyingi nyakati za usiku, mpaka wakaugua maradhi ya akili. Mahakama ilisema kwamba simu ya kimya inaweza kuwa shambulio, kwa sababu mwanamke anayeisikiliza hajui kama anayepumua yuko mbali au anakaribia kubisha hodi mlangoni kwake. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini majaji wale walieleza kwa usahihi kabisa hofu ya mtu aliye katika hali kama yako.

Sasa utekelezaji. Usifute chochote kwenye simu, hata kama kinakutia kinyaa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na kama simu yako inaweza kurekodi mazungumzo, rekodi na uiache rekodi hiyo nzima bila kukata kipande. Usisambaze sauti hiyo kwenye makundi, kwa sababu utakuwa nawe umesambaza uchafu. Na usimjibu kwa matusi, kwa kuwa kifungu kile kile kinaweza kusomwa dhidi yako. Nenda kwenye kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, toa maelezo, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kampuni ya simu haitakupa wewe jina wala kumbukumbu za mteja wake, na inafanya vyema kukunyima; itazitoa kwa polisi wakiziomba kwa utaratibu. Kumbukumbu hizo zinaonyesha mengi kuliko jina la usajili, ikiwemo simu iliyotumika na mnara uliobeba mawasiliano, na hapo ndipo hoja ya ndugu yetu wa Mbagala inapopata jibu. Ile namba ya 15040 iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ni ya kuripoti namba za matapeli. Shauri lako ni la polisi.

Mume wa Kimara alijibu:

Nimesita kuandika, lakini ile sentensi kuhusu uso wa mume wako imenigusa, dada yangu.

Mke wangu alipatwa na jambo hili. Simu iliita usiku, yeye akaipokea, akanyamaza, akakata, akaigeuza kifudifudi. Nilipomuuliza ni nani, alisema wamekosea namba. Siku ya tatu nilimwambia kwamba mtu hakosei namba mara tatu kwa saa ile ile. Kwa miezi miwili nilimshuku. Nilikagua simu yake akiwa amelala, nikapunguza maongezi, nikaacha kula chakula cha usiku nyumbani. Yeye alikuwa akiona aibu kuniambia maneno anayoambiwa, na mimi niliisoma aibu ile kuwa ushahidi. Nilijua ukweli siku niliyoinyakua simu nikapokea mwenyewe. Yule mtu hakujua kwamba aliyepokea si mke wangu, akaendelea kusema kwa muda kabla sijafungua mdomo. Nilipogeuka nikamwona mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, ameziba masikio kwa viganja viwili kama mtoto.

Mwambie mume wako asome maelezo yako haya yote, na ikiwezekana asome na ya kwangu. Usingoje akuulize. Na kama atapenda kuongea na mwanamume mwenzake aliyewahi kukosea katika hili, niko tayari.

Mwalimu wa Sinza alijibu:

Wengi mmemshauri mama, mimi naomba nimsemee binti. Ninafundisha watoto wa umri wake. Mtoto aliyeuliza kama mtu huyo anamfahamu mama yake amebaki na wazo kichwani kwamba huenda mama ana jambo na mtu huyo, na asipojibiwa atajijibu mwenyewe. Mweleze waziwazi, mchana, mkiwa wawili, kwamba huyo ni mtu anayewapigia watu asiowafahamu ili awatie hofu, na kwamba yeye binti hakukosea kupokea. Asipokee tena simu ya biashara. Akionekana kushtuka usingizini au kukwepa kuongea, ipo namba 116 ya Simu kwa Mtoto, ambayo yeye mwenyewe anaweza kuipiga bila malipo.

Fundi wa Tabata aliandika tena:

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninawashukuru kwa majina yenu yote. Mama Opereta, shikamoo. Ninaomba nieleze kwa utaratibu.

Nilianza na mume wangu. Nilimpa simu asome ukurasa huu kuanzia juu, nikaenda jikoni. Alipofika kwa ndugu wa Kimara alikaa kimya muda mrefu, halafu akaja akasimama mlangoni akaniambia kwamba kesho atanisindikiza polisi.

Kituo cha kwanza tulichokwenda hatukusaidiwa. Askari aliyekuwa kaunta aliniuliza kama si mimi niliyempa mtu huyo namba, nikamjibu kwamba nimempa kila anayepita barabarani, kwa kuwa iko kwenye bango. Akacheka, akatuambia tuizuie. Tulikwenda kituo kingine chenye dawati, na huko tulipokelewa na askari wa kike ambaye kabla ya kuandika chochote alifunga mlango na kuniuliza kama ningependa mume wangu akae ndani au angoje nje. Nilimkabidhi nakala ya kurasa za nyuma za kaunta buku langu. Mbele ninaandika vipimo vya wateja, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nyuma sasa nimechora mistari kwa rula na kuandika usiku, saa, namba na muda aliokaa hewani. Alizisoma moja moja kwa kidole. Akasema wengi huja na hasira tu, na hasira haiingii kwenye jalada. Nilitoka na RB.

Mama, nimeitazama taa. Katika usiku wote nilioandika, hakupiga hata Ijumaa moja. Na usiku mmoja alilitaja gauni la kitenge cha zambarau. Sikulivaa mimi, nililivalisha sanamu ya mlangoni Jumatano asubuhi, na mteja akalichukua siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Kwa hiyo ni mtu anayepita mbele ya fremu yangu. Nilipoligundua hilo miguu iliniisha nguvu nikakaa chini, na sitawaficha kwamba tangu siku hiyo ninamtazama kila mwanamume anayenisalimia. Askari nimemweleza. Jina lililotokea kwenye namba ya tatu ni la mwanamke nisiyemjua, nami nimelikabidhi kwake bila kumwambia mtu mwingine yeyote, kwa ajili ya yale yaliyompata ndugu wa Mbagala.

Binti nilimweleza Jumamosi tukiwa tunakata vitambaa. Aliniuliza, "Kwa nini anafanya hivyo?" Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui, tukaendelea kukata.

Baada ya kwenda polisi simu zilikoma kwa usiku 11. Juzi, saa nne na robo, iliita namba mpya. Nilikuwa ninamalizia sare za watu 30, mume wangu amekaa pembeni anatazama taarifa ya habari. Nikapokea, nikasikia ile feni. Nikaiweka simu juu ya rundo la vipande vya vitambaa, bila kukata, nikarudisha mguu kwenye cherehani, nikashona upindo wa sare ile mpaka mwisho. Nilipoitazama tena alikuwa amekata. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mume wangu ndiye aliyeinuka kuleta kaunta buku, na asubuhi nilimpelekea askari namba hiyo.